Utoaji wa Mkristo: Baina ya Faradhi, Hiari na Dhabihu

Mkristo wa Afrika ya Mashariki aingiapo kanisani siku ya Jumapili hukutana na utoaji wa majina mengi: liko fungu la kumi, iko sadaka ya kawaida, iko ya shukrani, yako malimbuko, iko ahadi ya mwaka inayolipwa kwa bahasha yenye namba, uko mchango wa jengo, na katika makanisa mengine iko ile iitwayo mbegu, ambayo mtoaji huahidiwa kwamba ataivuna maradufu. Mwezi wa Januari ukiingia, zipo mimbari zitangazazo kwamba mshahara mzima wa kwanza wa mwaka ni malimbuko ya Mungu, ilhali mwezi huo huo ndio wa karo, kodi ya pango na madeni ya sikukuu. Mhubiri mmoja asema kwamba asiyetoa zaka amemwibia Mungu. Wa pili asema kwamba sheria ya zaka ilikwisha pamoja na Torati. Wa tatu asema kwamba utoaji usiomgusa mtoaji si utoaji. Wa nne asema kwamba atakaye kupata sharti atangulie kutoa. Wote wanne wameshika Biblia moja, na msikilizaji hurudi nyumbani na tashwishi kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Uchambuzi huu wakusudia kuzipanga rai hizo nne, kueleza chimbuko lake, kupima nguvu na udhaifu wa kila moja, kisha kulileta mbele swali ambalo aghalabu hupitwa upesi: dhabihu inapotakiwa, ni nani mwenye haki ya kuitaka, na aliyeipokea anadaiwa nini?

Asili ya jambo

Torati haikuwa na zaka ya namna moja. Kitabu cha Hesabu chaeleza zaka waliyopewa Walawi, kabila lisilokuwa na urithi wa ardhi, nao wakaamriwa kutoa zaka ya zaka hiyo kwa kuhani. Kumbukumbu la Torati laeleza zaka ambayo mtoaji na jamaa zake waliila wenyewe kwa furaha mahali patakatifu, na kila mwaka wa tatu ikawekwa malangoni mwa mji kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kilichotolewa kilikuwa mazao ya shamba na mifugo. Na mjane na yatima walitajwa miongoni mwa wapokeaji. Malaki, ambaye maneno yake ndiyo yasomwayo mara nyingi kabla ya kikapu kupitishwa, alisema habari za ghala la chakula, na sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu chake ni lawama kwa makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema. Mwenye kuisoma sura ya tatu bila kuzisoma mbili zilizoitangulia ameichukua nusu ya hukumu, akaielekeza kwa upande mmoja tu.

Kanisa la kwanza halikurithi utaratibu huo jinsi ulivyokuwa. Yustino, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, aeleza kwamba wenye uwezo walitoa kadiri kila mmoja alivyopenda, na kilichokusanywa kikawekwa kwa msimamizi wa ibada, awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliani wa Karthago, mwishoni mwa karne hiyo, alijivunia kwamba mchango wa mwezi wa Wakristo haukuwa wa kulazimishwa. Didake, kitabu cha kale sana cha maagizo ya Kanisa, kiliamuru nabii wa kweli apewe malimbuko, na pasipokuwa na nabii wapewe maskini. Lakini nabii aombaye fedha kwa ajili yake mwenyewe kilimhesabu kuwa mwongo.

Ulazima uliingia baadaye. Sinodi ya Mâcon ya mwaka 585 iliwatishia wasiotoa zaka kwamba watatengwa na Kanisa, na mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akaifanya amri ya dola. Tangu hapo zaka ikawa kodi, yenye watozaji na ghala zake, ikachukiwa kama kodi zote zinavyochukiwa, hata Ufaransa ikaifuta katika mapinduzi ya 1789, na Uingereza ikaanza kuyaondoa mabaki yake kwa sheria ya 1936.

Huku kwetu jambo lilichukua njia nyingine, kwa sababu makanisa yaliyoanzishwa na wamisionari hayakuwa na urithi wa kodi wala mashamba yaliyolitunza Kanisa la Ulaya kwa karne nyingi. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, tangu 1841, alifundisha kwamba kanisa changa halina budi kujitegemea, kujitawala na kujieneza. Na Askofu Alfred Tucker wa Uganda alishikilia kwamba makasisi na walimu wenyeji watunzwe na waumini wao. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa rai kwamba wamisionari na fedha za ng'ambo visimamishwe kwa muda, na mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 ukaiunga mkono. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limekwisha kulifanya neno kujitegemea kuwa la kila siku. Heshima iliyopatikana ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na bei: mshahara wa mchungaji, paa la kanisa, zahanati, na fungu lipelekwalo dayosisi, vyote vikawa juu ya mkulima wa kahawa, mvuvi na karani wa mji. Ndiyo maana wito wa kutoa umeongezeka, hata mahali ambapo mwenye kuitisha hana tamaa yoyote.

Rai ya kwanza: fungu la kumi ni faradhi

Watetezi wa rai hii husema kwamba zaka ni kongwe kuliko Torati, kwa kuwa Abramu alimtolea Melkizedeki na Yakobo aliweka nadhiri ya kutoa, na kwamba Yesu, alipowakemea Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa na bizari, hakuwaambia waache kutoa. Nguvu ya rai hii ni uwazi wake. Mtu ana kipimo asichoweza kukipindisha kila mwezi kwa visingizio. Kanisa laweza kupanga matumizi ya mwaka. Na mtoto aliyezoezwa kutenga senti kumi katika kila shilingi hukua na adabu ya kutouona mkono wake kuwa ndio mwisho wa mali. Waadventista Wasabato huonyesha jinsi faradhi hii iwezavyo kuwa na utaratibu: zaka haibaki katika kanisa la mtaa, hupelekwa juu kwa ajili ya kuwatunza watumishi, na mahitaji ya mtaa hulipwa kwa sadaka nyingine, kwa hiyo mchungaji wa waumini mafukara hategemei mifuko yao peke yake.

Udhaifu wake ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa dalili: Abramu alitoa sehemu ya kumi ya nyara za vita, wala hatusomi kwamba alirudia kila mwezi, nadhiri ya Yakobo ilikuwa na masharti, na katika nyaraka zote za mitume hakuna mahali ambapo makanisa ya mataifa yaliamriwa asilimia. Wa pili ni wa insafu. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 akitoa 30,000 amebakiwa na 270,000, ambazo huenda zisitoshe kodi, unga na nauli. Mwenye 6,000,000 akitoa 600,000 amebakiwa na 5,400,000, wala hakuna alichokikosa. Asilimia ni moja, mzigo si mmoja. Wakristo wa pwani, walioishi na jirani zao Waislamu kwa vizazi, wanajua kwamba zaka ya Kiislamu ina nisabu, yaani kiwango ambacho mwenye mali chini yake hadaiwi, na kwamba Kurani imewataja wastahiki wa makundi manane. Fungu la kumi kama lihubiriwavyo mahali pengi leo halina nisabu ya kumwachilia fukara wala orodha ya wastahiki ya kumbana mpokeaji, ingawa Torati yenyewe ilimjali fukara na ikawataja wapokeaji kwa majina yao.

Rai ya pili: hiari ya moyo

Rai ya pili yasimama juu ya mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba kila mtu atoe kama alivyoazimia moyoni, pasipo huzuni wala kushurutishwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 yafanana na msimamo huu: waumini wanao wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, lakini sheria hiyo haikutaja sehemu ya kumi. Fadhila ya rai hii ni kwamba yalinda utu wa mtoaji na furaha ya tendo lenyewe. Katika sharika nyingi za Kilutheri za Tanzania, ibada ikiisha, watu husimama uwanjani kumzunguka mzee wa kanisa aliyeinua mkungu wa ndizi, au jogoo aliyefungwa miguu, au sahani ya mayai iliyoletwa na bibi asiyekuwa na fedha taslimu. Bei hupanda kwa vicheko, mnunuzi akiisha kulipa huirudisha sahani inadiwe tena, na pengine mayai yale yale hulipiwa mara tatu kabla ya kumfikia mgonjwa wa jirani. Hakuna aliyeamriwa, na bibi aliyekuwa na mayai tu ametoa pamoja na mwenye noti.

Walakini hiari isiyolelewa hushuka daraja. Mwenye ukwasi huja na chenji iliyobaki baada ya anasa zake zote, akaiita karama ya moyo. Mzigo wa kanisa huangukia wachache waaminifu. Na mapato yanapopungua, viongozi hukimbilia harambee na wageni rasmi, ambao hutoa hadharani kwa matumaini ya kulipwa kwa kura. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha zilizotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la mtaa wa Soweto jijini humo, na jambo hilo likawakumbusha wengi kwamba upo utoaji wa hiari kamili ambao una mnunuzi na kinunuliwa. Tena husahauliwa kwamba Paulo huyo huyo aliyehimiza hiari aliwaagiza Wakorintho watenge kitu siku ya kwanza ya kila juma, kila mtu kadiri ya kufanikiwa kwake. Hiari yake ilikuwa na ratiba na uwiano.

Rai ya tatu: dhabihu

Wapo wasemao kwamba kipimo cha Kikristo si kilichotolewa, bali kilichobaki baada ya kutoa. Kielelezo chao ni mjane wa hekaluni, ambaye senti zake mbili zilihesabiwa kuwa nyingi kuliko fedha za matajiri kwa sababu ndizo zilizokuwa riziki yake yote. Na mashahidi wao ni wengi, tangu Antoni wa Misri aliyegawa urithi wake hata Fransisko wa Asizi. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, ambaye wengi huamini kuwa ni yeye mwenyewe: mwaka wa kwanza alipata paundi 30, akaishi kwa 28 na kutoa 2, mwaka wa pili alipata 60, akaishi kwa 28 zile zile na kutoa 32, wa tatu alipata 90 akatoa 62, wa nne alipata 120 akatoa 92. Hapa ndipo rai hii inapoonyesha nguvu isiyopatikana katika zile mbili za kwanza, maana yamfuata tajiri mahali ambapo asilimia humwacha na hiari humbembeleza, yamwuliza kwa nini mahitaji yake yapande kila mapato yapandapo.

Udhaifu wake haumo katika mafundisho, umo katika anayeyatumia. Neno dhabihu likisemwa kwa mwenye ziada humwamsha. Likisemwa kwa maskini na mtu atakayekula matoleo hayo, laweza kuwa kisu. Baadhi ya wafafanuzi wa Injili ya Marko hukumbusha kwamba habari ya mjane imetanguliwa mara moja na lawama dhidi ya waandishi wanaokula nyumba za wajane, na kufuatwa na tangazo kwamba hekalu litabomolewa. Kwa hiyo husema kwamba Yesu aliisifu imani ya mama yule huku akiusikitikia utaratibu uliomwacha bila riziki. Si lazima kuchagua tafsiri moja na kuitupa ya pili. Sifa ni za mjane, na hakuna hata chembe yake iliyokwenda kwa watunza hazina.

Rai ya nne: mbegu na mavuno

Rai ya nne ni changa. Ilienezwa sana na wahubiri wa Marekani wa karne ya 20, akiwamo Oral Roberts, ikasafiri kwa vitabu, kanda na televisheni, nayo yafundisha kwamba sadaka ni mbegu, na kwamba mtoaji ana haki ya kutazamia mavuno ya afya, kazi, ndoa au fedha. Haifai kuidharau bila kuuliza sababu ya kupendwa kwake. Huwafikia watu ambao hospitali ni ghali kwao, ajira ni haba na mahakama iko mbali, na kuwaambia kwamba Mungu haoni haya kushughulika na tumbo na kodi ya nyumba; na wako waliopata kwayo ujasiri wa kuacha ulevi na kuanzisha biashara.

Pamoja na hayo kasoro zake ni nzito. Atoaye ili arudishiwe maradufu amewekeza, na neno dhabihu halimhusu tena. Lakini hata uwekezaji wenyewe si wa haki, kwa kuwa hatari yote iko kwa mtoaji na faida ya kwanza, iliyo yakini, iko kwa mpokeaji. Mavuno yasipotokea, lawama humrudia aliyepanda, kwamba imani yake ilipungua. Kwa hiyo fundisho haliwezi kushindwa kamwe, na maskini hupoteza fedha kwanza, kisha heshima. Wanatheolojia wa Kiafrika wa harakati ya kiinjili ya Lausanne, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009, walikiri kwamba Mungu huweza kubariki, wakakataa kwamba baraka hizo hupimwa kwa mali au kununuliwa kwa matoleo. Simu nazo zimeurahisisha mchezo huu: tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu aweza kutuma sadaka usiku wa manane. Namba ikiwa ya kanisa, hesabu yake yaweza kukaguliwa. Ikiwa ya mhubiri binafsi, hakuna mkaguzi.

Kuzipima rai

Zikiwekwa katika mizani, rai tatu za kwanza hazipingani kama zionekanavyo, kwa kuwa kila moja hutibu maradhi ya mwenzake: kipimo huiponya hiari uzembe, hiari hukiponya kipimo ukavu, na dhabihu humtoa tajiri katika raha ya kudhani kwamba amemaliza deni. Ya nne huweza kuungana nazo pale tu inapoacha kuahidi bei. Yabaki masuala mawili ambayo hakuna rai iwezayo kuyakwepa.

La kwanza ni nyumba na madhabahu. Yesu aliwalaumu waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani wakfu, wasipate kuwatunza baba na mama. Na waraka wa kwanza kwa Timotheo wamhesabu asiyewatunza wa nyumbani mwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Katika jamaa zetu, ambamo mshahara mmoja hulisha wadogo, wazazi na watoto wa marehemu, sehemu kubwa ya dhabihu ya Mkristo hufanyika kabla hajafika kanisani, wala haiandikwi kwenye bahasha yoyote. Karo ya yatima ni matoleo. Jumuiya inayomnyima mtu mazishi ya heshima kwa kuwa kitabu chake cha zaka hakikujaa, bila kuuliza ni wangapi aliokuwa akiwalisha, imehesabu karatasi ikamwacha mtu. Ni kweli kwamba jamaa nayo yaweza kufanywa kisingizio, maana mahitaji ya nyumbani hayaishi. Hata hivyo hukumu ya mpaka huo haina budi kubaki kwa mtoaji na dhamiri yake.

La pili ni mpokeaji. Tuutazame kwa karibu mchango mkubwa tunaousoma katika Agano Jipya, ule wa Paulo kwa maskini wa Yerusalemu. Wamakedonia walitoa kupita uwezo wao katikati ya ufukara, lakini imeandikwa kwamba wao ndio waliosihi waruhusiwe kushiriki. Paulo hakuwatoza dhabihu hiyo. Kwa Wakorintho, waliokuwa na nafasi zaidi, alisema kwamba mtu hupimwa kwa alicho nacho, na kwamba shabaha ni usawa, wala si wengine wapumzike kwa kuwataabisha hao. Fedha hazikuwa zake, wala hakuzichukua peke yake: makanisa yalichagua wajumbe wa kufuatana naye, naye akasema wazi kwamba alijihadhari asilaumiwe. Hivyo aliyeitisha hakuwa mnufaika, na aliyebeba alikuwa na mashahidi. Kanisa lilipokuwa na mali, vilevile, lilijua kudhabihu chake: Ambrosi wa Milano, katika karne ya 4, aliyeyusha vyombo vitakatifu ili kuwakomboa mateka, akalaumiwa kwa hilo, akajitetea.

Kutokana na mfano huo twaweza kutoa kanuni: deni la mpokeaji hupanda kadiri ya dhabihu ya mtoaji. Anayepokea ziada ya tajiri adaiwa stakabadhi. Anayepokea riziki ya mjane adaiwa hesabu iliyo wazi, maisha ya kiasi, na mfuko utakaomrudia mjane huyo atakapougua. Kanisa lisiloweza kusoma mapato na matumizi yake mbele ya waumini halijapata haki ya kuwahubiria dhabihu.

Muhtasari

Kwa ufupi, fungu la kumi lina manufaa makubwa kama mazoezi na kipimo cha kuanzia, lakini dalili za kulifanya faradhi juu ya kila Mkristo, fukara na tajiri sawasawa, ni dhaifu. Hiari ndiyo roho ya utoaji katika mafundisho ya mitume, nayo yahitaji ratiba na uwiano isije ikawa jina la heshima la ubahili. Dhabihu ndiyo kilele chake, yafaa ihimizwe zaidi kwa mwenye ziada, na kwa maskini ipokewe kwa hofu pale anapoitoa mwenyewe. Mbegu ya kuvunwa maradufu yafaa kukataliwa kama ahadi ya kibiashara, huku sababu zinazowasukuma watu kwake zikishughulikiwa kwa akiba, matibabu na kazi. Muumini aliyetatizwa na sauti nyingi na ajiulize: natoa kwa kupenda au kwa kuogopa, kinachobaki kwangu kinalingana na nilichojaliwa, na wanaonitegemea wamekula? Na kiongozi wake, kabla ya kupitisha kikapu, ajibu maswali mawili: fedha hizi zakwenda kwa nani, na nani atazikagua?